Siku Ishirini na Moja za Karanga

Jumamosi, 3 Mei

Siku njema. Nimemshinda Mwenyekiti.

Kitinda mimba wangu alikuwa zamu maabara, kwa hiyo kumpeleka Karanga kuchanjwa nimepewa mimi. Kazi moja tu, Baba, alisisitiza, kana kwamba mtu niliyekaa masjala miaka thelathini na moja siwezi kufikisha mbwa mahali. Anaondoka Jumapili ya tarehe 25. Amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitatu, na mbwa wake anakwenda naye. Kule hawapokei mbwa ambaye hajatimiza siku ishirini na moja tangu achanjwe kichaa cha mbwa. Akifika wanampima damu. Asipokutwa na kinga, wanamfungia karantini miezi minne. Kesho kliniki imefungwa. Ilikuwa leo au basi.

Kliniki ilijaa. Msaidizi wa daktari hukusanya vijitabu vya chanjo kwa kufuata foleni, hubandika stika zote mapema, kisha daktari hupanga sindano kwenye trei kwa mpangilio uleule. Utaratibu safi, niliusifu kimoyomoyo. Msaidizi akatueleza pia kwamba ya kichaa huchomwa paja la nyuma na ile ya magonjwa mengine huchomwa begani, ili pakivimba ijulikane ni ipi. Binti mwelewa sana.

Mbele yangu alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya jengo letu, seremala, na mbwa wake Jenerali. Jenerali na Karanga ni wa tumbo moja. Walizaliwa chini ya ngazi zetu, wote rangi ya chai ya maziwa, wote sikio la kushoto limelala. Mwenyekiti ndiye aliyenipita kwenye uchaguzi wa kamati kwa kura moja, na kura hiyo ilipigwa na binti yangu. Sina kinyongo.

Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Mlango wa daktari ukafunguka, akaitwa anayefuata. Nikasimama.

Daktari hakuinua hata uso. Alichukua sindano ya kwanza kwenye trei, akachoma. Mimi macho yalikuwa mlangoni, nikichelea Mwenyekiti asirudi kabla hatujamaliza. Tukatoka. Nikachukua kijitabu, stika ipo, muhuri upo, saini ipo. Nikapishana na Mwenyekiti kwenye kizingiti na kumsalimu kwa heshima zote.

Jumapili, 4 Mei

Nimeharibu.

Asubuhi nilikuwa nampangusa Karanga manyoya. Begani kuna uvimbe mdogo, kama punje ya kunde. Nikapapasa mapaja yote mawili. Hakuna kitu. Nikajiambia labda wamebadilisha utaratibu. Nikashuka naye ngazi, na pale chini nikamkuta Mwenyekiti amechutama mbele ya Jenerali, ambaye anachechemea mguu wa nyuma. Mwenyekiti akasema anashangaa, maana mbwa wake alikwenda kuchomwa begani, na ya kichaa alishachomwa mwaka jana. Nikasema labda amelalia mguu.

Kumbe trei ilikuwa kwa foleni, na foleni niliiharibu mimi. Karanga amechomwa sindano ya Jenerali na Jenerali amechomwa ya Karanga. Vijitabu viko sawasawa kabisa. Mbwa ndio wamekosewa.

Mchana kutwa nimehesabu kwa vidole. Akichomwa kesho, siku ishirini na moja zinatimia Jumatatu tarehe 26. Ndege ni Jumapili. Siku moja tu. Nitakwenda kliniki asubuhi na mapema, nitakiri, kisha nitamwambia mtoto. Mtu mzima hukubali kosa lake.

Jumatatu, 5 Mei

Sikwenda.

Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikapita jikoni kumuaga mwanangu, nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapanga vitu mafungu mawili, vya kwenda na vya kubaki. Sufuria ya mama yake iko fungu la kubaki. Akaniambia niitumie, nisiiweke kabatini kama mapambo. Tangu mama yake atutoke miaka minne iliyopita, nyumba hii ina watu wawili na mbwa. Nimeangalia lile fungu la kubaki na nikaona na mimi nimo.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Sikulitafuta. Nikisema leo, atasogeza safari siku moja. Nikinyamaza nikaja kusema tarehe 20, itabidi safari ingoje wiki tatu nzima tangu siku hiyo, kwa sababu hawezi kumwacha Karanga. Wiki tatu. Kosa litakuwa la kliniki, si langu. Na mimi nitahuzunika pamoja naye.

Nimevua viatu. Nimemsaidia kufunga sanduku la vitabu. Ameniambia nimekuwa mwepesi siku hizi.

Jumanne, 13 Mei

Daktari wa wanyama amepiga simu mwenyewe.

Amesema amekaa na msaidizi wake, wamelinganisha daftari, na Mwenyekiti naye alikwenda kuuliza kuhusu ule mguu. Anaogopa mbwa walibadilishana sindano. Akaomba radhi. Akaomba tena. Alisema kwa miaka kumi na minane hajawahi kufanya kosa la namna hiyo, na kwamba alipaswa kuuliza jina la mbwa kabla ya kushika sindano, na hajui atamtazamaje binti yangu usoni.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi kubwa tu, maana mtu mwenyewe alinyamaza akingoja nimgombeze. Badala yake nimesikia sauti yangu ikisema kwamba nimemsamehe, binadamu hukosea. Akanishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Kisha akasema amemwondoa msaidizi wake mapokezi na kumrudisha kwenye kuosha vizimba, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga vijitabu. Yule binti mwelewa. Alipanga sawasawa kabisa.

Nimemwambia daktari kwamba habari hii nitamfikishia mwanangu mwenyewe, taratibu, kama baba. Akasema anaelewa.

Jumatano, 14 Mei

Karanga amechomwa. Paja la nyuma, nimeona kwa macho yangu mawili. Stika ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu, mpya imebandikwa: tarehe 14. Atakuwa tayari tarehe 4 Juni.

Msaidizi alikuwa nyuma, mikono imeingia kwenye maji ya sabuni hadi kwenye viwiko. Amenisalimia. Amemuuliza Karanga hali. Mimi nimeangalia bango la minyoo ukutani mpaka tukamaliza.

Kuna shida ya kijitabu. Mwanangu akikiona, mambo yote hadharani. Lakini hapa ndipo uzoefu unaposaidia. Masjala faili halipotei, linawekwa mahali. Nimekitia ndani ya faili lenye jina "Bomba la Maji, Ghorofa ya Pili, Mawasiliano." Hakuna kiumbe hai atakayelifungua faili hilo.

Jumamosi, 17 Mei

Sasa tatizo ni Mwenyekiti. Anajua kila kitu isipokuwa sehemu yangu, na ni mtu wa kusimama kwenye ngazi na kuongea. Neno moja tu la sindano mbele ya mwanangu, nimekwisha.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi nilimfuata kwenye karakana yake. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto hali yake si nzuri, kwamba habari za safari zikitajwa analia, na daktari wa kazini amemshauri asiulizweulizwe. Ilinitoka vizuri mno. Mwenyekiti alizima mashine ya randa. Akasema maskini, mtoto aliyemtengenezea baiskeli yake ya kwanza. Akasema hatamsumbua hata kwa salamu.

Na kweli hamsumbui. Leo asubuhi walikutana kwenye ngazi, yeye akageuka akarudi juu kana kwamba amesahau kitu. Mwanangu amekuja ndani akiwa amenyong'onyea. Ameniuliza amemkosea nini Mwenyekiti, maana siku zimebaki nane na hajaja hata kumuaga. Nimesema watu wazima wana mambo mengi. Akasema sawa, lakini aliketi pale kitini muda mrefu bila kufanya kitu.

Mchana Mwenyekiti amenipitishia kizimba cha safari, kimya kimya, kama mwizi. Mbao laini, matundu ya hewa pande zote, jina KARANGA limechongwa mlangoni. Amekitengeneza jioni nne mfululizo baada ya kazi. Amesema nikitoe siku ya kuondoka, mtoto asije akakiona mapema akalia.

Nimekificha bafuni. Kila nikiingia kuoga nakisoma lile jina. Sijawahi kuoga haraka hivi.

Jumanne, 20 Mei

Ndiyo siku. Nilijifunza hotuba tangu alfajiri mbele ya kioo. Ilianza na "Mwanangu, dunia ina majaribu."

Sikufika hata kwenye dunia. Nilipotaja tu neno kliniki, uso wake ulibadilika. Nikasema daktari amegundua leo kwamba Karanga alichomwa sindano isiyo yake, kwamba amechomwa upya, na kwamba pole sana, itabidi safari ingoje wiki tatu, lakini hakuna haraka, nitakuwa naye bega kwa bega.

Ameniambia haiwezi kusogea. Ni lazima aripoti kazini tarehe 27, asiporipoti nafasi inakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha. Alinieleza mwezi wa pili, amesema, nikaitikia. Yawezekana niliitikia. Mimi huitikia.

Akachukua simu, akampigia daktari palepale, mbele yangu. Nimesimama nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Ndiyo. Lini? Tarehe ngapi? Asante, Daktari, hapana, si kosa lako peke yako.

Akakata simu. Akaniuliza nilijua lini. Nikasema leo. Akaniuliza mara ya pili, kwa upole, na upole ule ndio ulionivunja. Nikasema tarehe 13. Hakuondoa macho. Nikasema tarehe 4.

Akahesabu kwa vidole, vilevile kama mimi. Akasema kwamba Karanga angechomwa tarehe 5, wangeondoka Jumatatu badala ya Jumapili na wangefika. Kiti kilikuwepo, aliwahi kuangalia. Siku moja tu, Baba.

Hakunigombeza. Aliketi sakafuni, akaegemea kabati, Karanga akaja akaweka kidevu juu ya goti lake. Alilia kidogo, akafuta uso kwa sikio la mbwa, lile lililolala. Kisha akasema ataondoka peke yake. Karanga atabaki na mimi.

Nilitaka wiki tatu. Ningepewa hata saa tatu za asubuhi ile ya tarehe 5, ningezitumia kuvaa viatu na kwenda kliniki.

Jumatano, 21 Mei

Nimejaribu kutengeneza.

Nilikwenda kwa daktari nikamwambia ukweli wa foleni. Niliutoa wote kwa mkupuo, kwa kuwa nilijua nikipumzika nitaupunguza. Daktari alivua miwani. Akasema basi makosa ni ya watu wawili, na mmoja wao si msaidizi wake. Akamwita akamrudisha mapokezi mbele yangu. Yule binti amenitazama, akafuta mikono, akaniuliza kama Karanga anakula vizuri. Bora angenitukana.

Nyumbani mwanangu amemaliza kupanga. Mafungu ni matatu sasa. La tatu ni bakuli, kamba, blanketi na kijitabu cha chanjo. Nilimkabidhi mwenyewe. Ameniuliza kwa nini kinanuka faili.

Anaongea na mimi. Anasema chai tayari, anasema dirisha lifungwe. Ndiyo hayo tu.

Jumapili, 25 Mei

Ameondoka.

Mwenyekiti alituendesha hadi uwanja wa ndege kwa gari lake la kubebea mbao. Mwanangu alikuwa ameshamfuata karakana Ijumaa na kuuliza mwenyewe amekosea nini, na yote yakajulikana. Njiani waliongea habari za ile baiskeli wakacheka. Mimi nilikaa nyuma na masanduku. Nilistahili.

Kwenye mlango wa abiria alinikumbatia. Nilitegemea atanipa mkono tu. Aliniambia hajaacha kukasirika, na atakasirika kwa muda, lakini hatanyamaza. Atapiga simu kila Jumatano na nisijifanye kwamba mtandao ni mbaya. Nikasema nimekosa. Nikasema sikutaka aende, ndiyo hivyo tu, sina sababu nyingine. Akasema anajua, Baba, na kwamba ningelisema hivyo tangu mwezi wa pili, angalau tungelilia pamoja tukamaliza.

Akapita. Aligeuka mara moja.

Wakati wa kurudi Mwenyekiti alisema kitu. Alisema siku ile ya chanjo aliniona. Alikuwa nje ameshamaliza simu, akanitazama kupitia kioo nikisimama kwa zamu yake. Aliniachia. Alidhani nina haraka kwa ajili ya mtoto, na yeye hakuwa na haraka yoyote.

Sikuwa na haraka yoyote na mimi. Nilitaka tu kumpita. Nimemwambia hivyo. Akacheka, akasema anajua, Mzee Masjala, kwani ni mara ya kwanza? Nimejisikia vibaya kuliko alivyokusudia.

Jumatano, 28 Mei

Amepiga simu kama alivyoahidi. Mtandao mzuri sana. Amepata chumba chenye dirisha kubwa. Ameripoti kazini kwa wakati. Wanampenda, ingawa hasemi, nimesikia tu.

Ana habari. Kuna mwenzake wa kazini yuko likizo huku kwetu, anarudi Jumamosi ya tarehe 7 Juni, na amekubali kumchukua Karanga. Siku ishirini na moja zitakuwa zimetimia. Kinachotakiwa ni cheti cha afya tu, nimpeleke kwa daktari Jumanne ya tarehe 3. Kazi moja tu, Baba. Akasema pia kwamba Karanga akishafika salama, ndipo ataanza kushughulikia karatasi zangu mimi, nikakae naye miezi mitatu. Hawezi kuyaanza yote mawili kwa pamoja. Mbwa kwanza, halafu mimi.

Nimesema vizuri. Nimesema vizuri sana. Niliapa. Nilimwambia baba yake ni mtu mpya, na wakati nasema niliamini.

Baada ya simu nyumba ilikuwa kimya. Karanga alikuja akajilaza juu ya viatu vyangu, wakati nimevivaa, asiniache nitoke. Hakuna mtu aliyenifanyia hivyo tangu mama yake mtoto. Nimewaza mlango ukifunguliwa tarehe 7 na kizimba kikitoka, halafu mimi nirudi kuketi hapa nisikilize friji.

Jioni nilipita kliniki, matembezi tu. Nilimuuliza msaidizi, kwa mzaha, ni dalili gani ndogo, isiyo na madhara, inayoweza kumchelewesha mbwa kupata cheti. Akasema kikohozi, akikohoa mbele ya daktari, anaambiwa asubiri wiki mbili. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema napenda kujielimisha.

Wiki mbili si nyingi. Mwanangu ataelewa. Karatasi zangu nazo zitangoja, hazina haraka.

Nimeketi sakafuni na Karanga. Nikakohoa mara tatu, taratibu, kwa nafasi, apate kuona inavyofanywa. Ameinamisha kichwa upande, akanitazama, akanilamba kidevu. Hajaelewa bado. Tuna siku sita, na yeye ni mwepesi wa kujifunza.